Bibi Anajiweza

"Weka hilo bakuli chini, Bibi!"

"Siweki. Bakuli langu, unga wangu, jiko langu. Wewe una nini humu ndani zaidi ya soksi chafu?"

"Mkaguzi anakuja saa nne! Anakuja kuangalia kama huwezi kupika, na wewe unampikia!"

"Na usinipandishie sauti kama mtu aliyelelewa zizini. Nimekulea mimi, wewe."

"Twila, mwambie basi!"

Twila alikuwa kwenye sinki, katupa mgongo, mabega yanamtingishika. Anacheka. Halafu nikaona anasuuza kikombe, nikazidi kupandwa na hasira.

"Na wewe unaosha vyombo! Si tulikubaliana jana vyombo viachwe vichafu?"

"Mlikubaliana wewe na nani?" Twila akasema. "Mimi nimeajiriwa kumhudumia Bi Orveda. Akisema osha, naosha. Na mwezi ukiisha sijui hata kama nitakuwa na kazi, kwa hiyo niache nioshe kwa raha zangu."

Hapo sasa ndipo penyewe. Ngoja niwaeleze, maana mkitusikiliza hivi hivi mtasema familia nzima wendawazimu.

Bibi Orveda ni mama yake mama yangu, na kanilea humu humu bondeni tangu nina meno mawili. Magoti yake yamekwisha, vidole vimejikunja, moyo wake unapiga kama trekta la zamani: unawaka, unazima, unawaka. Asubuhi hatoki kitandani bila mtu. Bafuni haingii bila mtu. Mtu huyo ndiye Twila. Anakuja kila asubuhi na kigari chake kinachokohoa, anamnyanyua, anamwogesha, anamvalisha, anampikia, wanatukanana kidogo, siku inaanza. Anayemlipa Twila ni jimbo, kupitia Medikeidi, ile bima ya serikali ya watu wasio na kitu. Twila asipokuja, Bibi atajaribu kuoga peke yake, namjua. Mara ya mwisho alipojaribu tulimkuta sakafuni kakumbatia pazia la bafu, anatuambia alikuwa anatafuta sabuni.

Sasa, kila mwaka jimbo linamtuma mtu kuja kuona kama Bibi bado ni mbovu vya kutosha. Safari hii walimtuma binti mmoja nesi, Kaylin, mdogo mdogo hivi, mpole. Na bibi yangu akampokea kama anavyopokewa mchungaji.

Huku kwetu milimani ndivyo tulivyo. Mtu akivuka mlango wako lazima akute sakafu inang'aa na kitu mezani. Yule jamaa aliyetumwa na benki kuja kulichukua gari la jirani yetu Hobart alikalishwa kwanza, akapewa maharage na mkate wa mahindi, akaongezwa, akashukuru, ndipo akaondoka na gari. Hobart mwenyewe alimsukumia likawaka.

Basi siku ya Kaylin, Bibi aliamka kabla ya jogoo. Sijui aliamkaje. Nafikiri alitambaa. Twila alishaamrishwa tangu jana yake kupaka sakafu nta. Bibi kavaa gauni la kanisani, kajipaka rangi ya mdomo, na mezani kuna keki ya matabaka ya matufaha yaliyokaushwa, ile ambayo kwetu huokwa harusini na matangani.

"Bi Orveda, unaweza kuvaa mwenyewe?" Kaylin akauliza.

"Mwanangu, unaniona niko uchi?"

"Na kuoga?"

"Ukoo wetu haujawahi kutoa mtu mchafu."

"Chakula je, unajipikia?"

"Hicho unachotafuna umekiokota barabarani?"

Binti akacheka, akaongezewa kipande, akaweka alama zake. Mimi nikafungua mdomo niseme kweli, Bibi akanishindilia keki humo mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia mgeni, "Huyu akishiba anakuwa mtu mzuri."

Kaylin aliondoka na vipande viwili kwenye karatasi ya jikoni. Bibi alilala siku mbili hajiwezi hata kukaa, Twila akimgeuza kama chapati. Lakini hizo siku mbili hakuna aliyekuja kuzikagua.

Barua ikaja. Bibi anajiweza. Huduma itasitishwa mwisho wa mwezi.

Ndipo nikakaa chini nikajifunza lugha yao. Mimi shule nimemaliza kwa kuburuzwa, kila mwalimu alinipigia makofi ya furaha kwamba naondoka. Lakini lugha hii niliijua ndani ya wiki. Katika lugha hii Bibi si mgonjwa, ni mnufaika. Hawajamkatia huduma, la hasha, wamechukua hatua yenye matokeo hasi. Ukitaka kupinga unaomba usikilizwaji wa haki, na usikilizwaji huo unaanza na wewe kusikiliza muziki kwenye simu mpaka chaji iishe. Ukiwa maskini lakini umewazidi kidogo maskini wao, kuna kitu kinaitwa kuteketeza. Unakiteketeza hicho kilichozidi kwenye bili za hospitali, kila mwezi upya, mpaka ufike chini wanapopataka wao, ndipo wanasema karibu. Kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kutoka kitandani mpaka kwenye kiti, hizo wanaziita shughuli za maisha ya kila siku, na kila moja ina ngazi zake. Anajiweza. Anahitaji kusimamiwa. Anahitaji kushikwa. Hajiwezi kabisa. Yaani nchi nzima hii wanakuimbia tangu chekechea kwamba mtu ni kujitegemea, wameibandika ukutani shuleni, mgeni rasmi kaisema kwenye mahafali yetu mpaka watu wakasinzia, halafu ukizeeka wanakuletea mtihani ambao ukijitegemea tu, umefeli.

Na tamu kuliko zote ni kiwango cha uangalizi. Maana yake hivi: jimbo litamlipa Twila ili Bibi asiende makao ya wazee, mradi Bibi athibitishe kwamba anafaa kwenda makao ya wazee. Nilimuuliza mama wa kwenye simu, "Sasa kama hafai kwenda huko, na hapa nyumbani hajiwezi, afanyeje?"

Akaniambia kwa upole kabisa, hali yake ikibadilika nipige tena.

"Ikibadilika vipi?"

"Kwa mfano, akianguka."

Nilipiga simu mpaka wakachoka sauti yangu, wakakubali kutuma mkaguzi mwingine arudie. Ndiye anayekuja leo. Na wiki nzima nimekuwa mwalimu, mimi ambaye walimu walinikimbia.

"Bibi, unaoga mwenyewe?"

"Unaniuliza kama nani?"

"Kama mkaguzi."

"Mkaguzi gani amevaa kaptula?"

"Jibu tu, Bibi. Sema, nahitaji kushikwa."

"Nikaseme mbele ya mtu nisiyemjua kwamba navuliwa nguo kama kitoto?"

"Si ndiyo ukweli?"

"Ukweli mwingine una nguo zake, bwana mdogo. Huutoi sebuleni."

Kichwa ngumu. Nikamwambia ni maneno tu, unayatema, yanaandikwa, mgeni anaondoka, maisha yanaendelea. Akaniambia siku nikizeeka nitayajua hayo maneno tu. Nikamwambia sitazeeka humu, mimi bonde hili linanibana, nitaondoka siku yoyote. Akasema hilo analisikia tangu nimemaliza shule, na makochi yake hayajapumzika.

Sasa ndiyo leo asubuhi namkuta kasimama, kajiegemeza kwenye meza kwa tumbo, anakanda unga.

"Lete hilo bakuli!" Nikalishika.

"Achia!"

"Achia wewe!"

"Twila, ananiibia bakuli!"

"Mimi siamui mume na mke," Twila akasema.

Tukavutana mimi na bibi wa miaka themanini juu ya bakuli la unga, na nawaambieni, kwa mtu anayehitaji kushikwa, alishika. Mlango ukagongwa. Bibi akaachia ghafla, nikarudi nyuma na bakuli mpaka kwenye friji, unga kifuani kote.

"Umechelewa," akanong'ona, anatengeneza nywele. "Sinia la kwanza liko motoni tayari."

Kweli. Nyumba nzima inanukia siagi.

Mkaguzi aliitwa Bwana Prewitt. Mzee wa kukaribia kustaafu, tai imembana, mkononi mkoba na chupa ya maji. Bibi alishakaa kitini kama malkia.

"Karibu baba, karibu. Kaa hapo. Twila, toa mikate, leta jemu ya beri na ile nyama."

"Ahsante mama, lakini hapana."

"Kipande kimoja tu. Kina moto."

"Siruhusiwi. Tumeletewa kanuni mpya, hatupokei kitu chochote kwa mnufaika."

"Basi kahawa."

"Hata kahawa."

"Maji?"

Bwana Prewitt akainua chupa yake akaionyesha. Maji alikuja nayo.

Twila kasimama na sinia, mikate inatoa moshi, hajui airudishe au aiweke. Mimi nikarudi nyuma hatua moja, maana huku kwetu nimeona watu wamekatana undugu kwa kosa dogo kuliko hilo.

"Kwa hiyo," Bibi akasema taratibu, "wewe si mgeni."

"Niko kazini, mama."

"Sawa. Twila, funika hiyo mikate. Uliza, baba."

"Unaoga mwenyewe?"

"Siogi."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Siogi," Bibi akarudia. "Huyu mwanamke ananivua, ananiingiza, ananisugua mgongo na pasipokuwa mgongo. Mguu wa kushoto unanyanyuliwa na yeye, mimi nauangalia tu kama wa mtu mwingine. Andika."

"Ah. Sawa. Kuvaa?"

"Hii sidiria unafikiri nimeifunga kwa vidole hivi? Hebu viangalie. Usiangalie pembeni, angalia. Andika."

"Na... chooni?"

"Utaandika yote nitakayosema?"

"Ndiyo, mama."

"Basi tafuta kalamu yenye wino."

Akamwaga. Jamani. Mimi nimeishi na bibi huyu maisha yangu yote, kuna mambo nilikuwa siyajui na sikuhitaji kuyajua. Bwana Prewitt masikio yakawa mekundu, kalamu inakimbia, Bibi anamfuata nyuma, "Hilo umeandika? Lisome. Hapana, usiseme shida ndogo, sema lilivyo." Mgeni anaonyeshwa sebule. Lakini mtu wa serikali aliyekataa mkate wako si mgeni, na huna cha kumwonea aibu, mwache aone mpaka stoo.

Nilikuwa nimebakiza kidogo nicheze ngoma pale pale. Halafu Bwana Prewitt akamwomba asimame.

"Njoo uninyanyue," Bibi akasema. "Ndiyo utajua."

Wakamshika, yeye huku na Twila kule. Bibi akapanda nusu, akasimama, akawa mweupe kama ule unga kifuani kwangu. Mdomo ukafunguka, hewa haiingii. Mkono wake ulitafuta kitu cha kushika ukaikamata tai ya Bwana Prewitt, na yule mzee hakuitoa, aliinama hivyo hivyo mpaka Twila alipomrudisha kitini. Hakuna aliyecheka. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amesimama anakanda unga kwa sababu kuna mtu anakuja.

"Anafika," Bwana Prewitt akasema, ananyoosha tai. "Kiwango cha uangalizi anakifikia, hilo halina mjadala."

Twila akajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Mimi nikarusha ngumi hewani.

"Sasa imebaki ni saa ngapi za huduma apewe kwa wiki." Akafungua ukurasa mwingine. "Nani mwingine anaishi humu?"

"Mjukuu wangu, huyo hapo," Bibi akasema.

Bwana Prewitt akageuka akanitazama kama unavyolitazama friji la mtumba: inaelekea linafanya kazi.

"Miaka?"

"Kumi na tisa."

"Unasoma?"

"Nimemaliza."

"Kazi?"

"Natafuta."

Twila akakohoa.

"Ulemavu wowote?"

"Hana," Bibi akadakia. "Labda uvivu, kama mnauhesabu."

Akaandika. Mimi maandishi ya juu chini nayasoma, ndiyo ilikuwa mbinu yangu ya mitihani. Nikasoma: mtu mzima, mwili mzima, yupo nyumbani wakati wote.

"Hiyo ya nini?"

"Misaada ya asili," akasema. "Jimbo halilipii ambacho familia inaweza kukifanya bure. Kumnyanyua, kupika, kufua, kumwogesha. Kijana yupo, ana nguvu. Bi Twila nitamweka mara moja kwa wiki."

"Kumwogesha?" nikasema.

"Mjukuu wa kiume aniogeshe mimi?" Bibi akasema.

"Mara moja kwa wiki?" Twila akasema.

Bwana Prewitt akainua mkono. "Tulieni. Ni hiari. Halazimishwi mtu. Kijana kama hayuko tayari anasema tu kwamba hayuko tayari, mimi naandika, saa zinarudi kwa Bi Twila. Haya. Tanner, ndiyo jina lako? Uko tayari kumhudumia bibi yako, au hauko tayari?"

Rahisi kuliko hilo hakuna. Twila ananikonyeza, anatikisa kichwa, sema, sema. Bibi kaniangalia. Maneno mawili tu, siko tayari, nayatema, yanaandikwa, maisha yanaendelea. Nikafungua mdomo. Na nikamsikia mtu mmoja mwenye sauti yangu anasema:

"Mimi bibi yangu nitamfanyia chochote."

Twila akajipiga usoni kwa kitambaa cha vyombo.

"Vizuri sana," Bwana Prewitt akasema, anaandika. "Yuko tayari."

"Mpumbavu!" Bibi akalipuka. "Wiki nzima unanifundisha mimi! Wiki nzima, sema, sema, ni maneno tu!"

"Yamenitoka, Bibi!"

"Yarudishe!"

"Nimeshaandika," Bwana Prewitt akasema.

"Futa. Haishi hapa."

"Mama, umesema sasa hivi anaishi."

"Alikuwa anaishi. Anahama."

"Lini?"

"Kwani unamwona kakaa?"

Nilikuwa nimesimama, kweli.

"Bi Orveda," Bwana Prewitt akashusha miwani, "siwezi kuandika kitu kisicho kweli. Itakuwa udanganyifu, na kwa hilo kuna idara yake."

"Na mimi sijawahi kumwambia mtu uongo kwenye nyumba hii. Tanner, kachukue nguo zako."

"Bibi!"

"Kachukue."

"Niende wapi sasa hivi?"

"Si bonde linakubana? Dunia hiyo hapo nje, nenda ukajinyooshe."

"Sikusema leo!"

"Ungesema lini, kwenye mazishi?" Sauti yake ikashuka kidogo. "Ukibaki, ama utaniogesha, ama nitaanguka. Chagua moja hapo ulipende. Mimi yote mawili siyapendi."

Nikamtazama Twila. Twila akaangalia sinia lake.

Nikaenda chumbani. Begi sina, nikachomoa foronya nikashindilia humo: suruali, viatu, chaja. Kule sebuleni nasikia Bibi anamwambia yule mzee angoje, kalamu aishike hapo hapo juu, asiandike kwanza. Nikasahau soksi, akapiga kelele, "Na soksi zako!" Nikazirudia. Nikapita sebuleni na foronya begani kama mwizi wa kuku.

"Anwani yake mpya?" Bwana Prewitt akauliza.

Tukaangaliana wote.

"Sina," nikasema.

"Hana makazi," akasema huku anaandika, na nawaapia uso wake ulichangamka mara ya kwanza tangu aingie. Akapekua mkoba, akanipa kadi yenye namba ya simu. "Kuna programu yake. Ila uwe umekaa bila makazi muda fulani, piga watakueleza."

"Ameshatoka?" Bibi akauliza. Hakugeuka. Kiti chake kinatazama dirishani na mikono yake imeshika mbao za pembeni, vile vidole vilivyojikunja.

"Bado, mama. Yuko mlangoni."

"Tanner, unamchelewesha mtumishi wa serikali."

"Jumapili je?" nikauliza. "Jumapili nije?"

Bwana Prewitt akainua kichwa.

"Jumapili ni kutembelea," Bibi akasema. "Kutembelea hakuhesabiki."

"Inategemea ni mara ngapi," Bwana Prewitt akasema, akalamba kidole akaanza kufunua kurasa, "ngoja niangalie, ipo humu mahali..."

Sikungoja aipate. Nikatoka, nikaufunga mlango.